Mimea Itoayo Maua na Isiyotoa Maua: Historia ya Mgawanyo na ya Istilahi Zake

Si muda mrefu uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika ofisini kwetu akiwa amechukua daftari la mwanafunzi wake wa darasa la nne. Katika ukurasa mmoja mlikuwa na jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza iliandikwa ‘Mimea itoayo maua’, na ya pili ‘Mimea isiyotoa maua’. Katika safu hiyo ya pili mtoto alikuwa ameorodhesha majina matano: muhindi, mkuyu, mvinje, kangaga na uyoga. Majina mawili ya kwanza yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na matatu yaliyobaki yalikuwa yamepewa alama ya vema. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesahihisha, kwa kufuata kitabu pamoja na mambo aliyofundishwa chuoni. Kilichomleta kwetu ni swali aliloulizwa na mtoto baada ya kumrudishia daftari lake: ua la muhindi ni lipi, maana nyumbani kwao wanalima mahindi kila mwaka naye hajapata kuliona?

Tulilitazama daftari hilo kwa makini. Muhindi na mkuyu hutoa maua. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki ya kuyakata majina hayo. Kangaga halitoi maua, na hapo vema ilistahili. Lakini mvinje, ingawa kwa mbali hufanana na msonobari, ni mti utoao maua, na vile vijikoni vyake vigumu ambavyo watoto wa pwani huviokota mchangani ni matunda yatokanayo na maua hayo. Uyoga nao, kwa mujibu wa elimu ya leo, si mmea hata kidogo. Basi katika vema tatu, moja tu ndiyo iliyokuwa halali. Na yale makosa mawili ya mtoto yalitokana na kuyatumia macho yake vizuri pamoja na neno alilopewa.

Kazi yetu ya kila siku ni kutafuta maneno ya vitu visivyokuwa na majina. Mara hii tuliletewa istilahi zilizokwisha kuzoeleka, ambazo mtu yeyote aliyepita shule ya msingi anazikumbuka, na ambazo kwa kadiri ya kumbukumbu za ofisi yetu hazijapata kulalamikiwa. Tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu zilikotoka, kwa kuwa wengi wao ama hufundisha kwa istilahi hizo ama hufasiri vitabu vinavyozitumia.

Chanzo cha mgawanyo

Kuigawa mimea kwa kigezo cha ua ni jambo la kale. Theophrastus, Mgiriki aliyekuwa mwanafunzi wa Aristotle na aliyefariki yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, aliutaja mgawanyo huo katika maandishi yake juu ya mimea. Lakini alikuwa mwangalifu. Alieleza kwamba maua mengine yana majani ya rangi, kama ya mlozi, na mengine ni mfano wa manyoya tu, kama ya mzabibu na mforsadi. Nayo yote ni maua. Tahadhari hiyo ilisahauliwa mara nyingi baadaye.

Kazi hasa ya ua haikujulikana kwa wanazuoni kwa muda mrefu, japokuwa wakulima waliifahamu kwa matendo. Wenye mitende katika nchi za Uarabuni na Iraki walikuwa, tangu zama za kale sana, wakikata mashada ya mtende dume na kuyapachika katika mashada ya mtende jike ili upate kuzaa. Aliyekuja kulithibitisha jambo hili kwa majaribio ni Rudolf Jakob Camerarius, tabibu na mwalimu wa chuo kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, aliyetoa waraka wake mwaka 1694. Aliondoa maua ya kiume ya mbarika kabla hayajapasuka, na mbegu zikatoka tupu. Kisha akakata zile nyuzi za hindi changa zilipoanza kutokeza, na magunzi yakatoka bila punje. Tunaomba msomaji auzingatie mfano huu wa pili. Mmea ambao mwanafunzi wetu aliuweka katika safu ya mimea isiyotoa maua ni miongoni mwa mimea michache iliyotumiwa kuwathibitishia watu wa Ulaya kwamba ua ni kiungo cha uzazi.

Miaka 41 baada ya waraka huo, yaani mwaka 1735, Carl Linnaeus wa Uswidi alichapisha mpango wake wa kuigawa mimea yote katika makundi 24. Makundi 23 ya mwanzo aliyapanga kwa kuzitazama stameni na pistili: idadi yake, urefu wake, namna zilivyoungana, na kama zimo katika ua moja au mbalimbali. Mpango huo wote aliueleza kwa mfano wa ndoa, na mwaka 1737 mtaalamu mwenzake, Johann Siegesbeck, alimshutumu hadharani kwamba amewasingizia maua uasherati. Shutuma hiyo ingemshangaza mkulima wa mwambao, ambaye tangu zamani husema ‘mpapai dume’ na ‘mtende jike’ mbele ya watoto na wakwe bila ya kuona haya yoyote.

Kundi la 24 Linnaeus aliliita kriptogamia, jina alilolitunga kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya ‘ndoa iliyofichika’. Humo alitia makangaga, mimea midogo ya kijani iotayo juu ya mawe yenye unyevu, mwani na uyoga. Ni lazima tuone hapa kwamba Linnaeus hakusema mimea hiyo haina ndoa. Alisema ndoa yake haionekani. Katika mpango wa mwaka 1735 hata mtini aliutia katika kundi hilo, kwa sababu maua yake yamefungiwa ndani ya kile tunachokiita tunda. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliuhamisha, akauweka mwishoni kabisa mwa kundi la 23, mlangoni pa ndoa zilizofichika. Kitabu hicho hicho ndicho kilichoupa mkuyu wetu, ambao ni jamaa wa mtini, jina lake la kitaalamu, Ficus sycomorus. Kwa hiyo mtoto aliyeukosea mkuyu alikosea mahali ambapo Linnaeus naye alisita.

Siri ya kundi la 24 ilifumbuliwa katika karne ya 19. Mwaka 1848 Michał Leszczyc-Sumiński, Mpolandi, alieleza viungo vya uzazi vya kangaga, ambavyo viko katika kimea kidogo mno chenye umbo la moyo, kiotacho juu ya udongo kabla ya kangaga lenyewe kutokea. Mwaka 1851 Wilhelm Hofmeister, mtu wa biashara ya vitabu vya muziki mjini Leipzig ambaye hakupata kusomea elimu ya mimea chuo kikuu, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mimea ya juu ya mawe, makangaga, misonobari na mimea itoayo maua yote hufuata mzunguko mmoja wa vizazi viwili vinavyopokezana. Tofauti ni ukubwa wa kila kizazi na mahali kinapoishi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mwaka 1896 wataalamu wawili wa Kijapani, Sakugoro Hirase na Seiichiro Ikeno, waligundua kwamba hata baadhi ya miti izaayo mbegu ina mbegu za kiume ziogeleazo, kama zile za kangaga. Ukuta uliokuwa kati ya ndoa ya wazi na ndoa ya siri haukuwa na msingi tena.

Lakini vitabu vya shule havibomoki upesi kama nadharia. Katika vitabu vya Kiingereza vya kufundishia, yale majina ya Kigiriki yalikuwa yamekwisha kurahisishwa kwa ajili ya watoto. ‘Ndoa ya wazi’ ikawa ‘yenye maua’, na ‘ndoa iliyofichika’ ikawa ‘isiyo na maua’. Neno lililohusu kuonekana na kutoonekana likageuzwa kuwa neno la kuwapo na kutokuwapo. Kwa maoni yetu kosa lilizaliwa hapo, kabla halijavuka bahari.

Namna istilahi zilivyoingia katika Kiswahili

Wasomaji wetu wengi wanaifahamu historia ya usanifishaji: Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na iliyokuwa na jukumu la kuidhinisha vitabu vya shule, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria ya Bunge mwaka 1967. Mwaka huo huo wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto ambaye hataendelea, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za Tanzania.

Matokeo yake ni kwamba somo la sayansi lilipaswa kuandikwa upya kwa haraka. Vitabu vilihitajiwa mwezi huo, wala si baada ya miaka kumi. Wafasiri walikuwa na vitabu vya Kiingereza mkononi, na walipokuta istilahi ngumu walizitolea jasho: hivyo ndivyo tulivyopata chavua na uchavushaji, maneno mazuri yanayonyambulika, na hivyo ndivyo stameni, pistili, petali na sepali zilivyotoholewa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi hiyo ikapata mahali pa kutegemea. Lakini walipokuta ‘mimea yenye maua’ na ‘mimea isiyo na maua’ hawakuona ugumu wowote. Ua linajulikana, kutoa kunajulikana, na kukanusha kunajulikana. Fungu hilo la maneno likapita bila ya kujadiliwa. Hatuwalaumu waliotutangulia, sisi wenyewe tumeyapitisha mengi ya namna hiyo, kwa kuwa mafaili ya maneno magumu hulala juu ya meza na yale mepesi hayafunguliwi.

Ua ni nini kwa Mswahili?

Katika matumizi ya kawaida, hasa ya mwambao, ua ni kitu cha kunusiwa, kuvaliwa au kupambia: asumini, waridi, kilua. Ni kitu cha kutiwa katika kikuba. Kwa maana hiyo muhindi hauna ua, kwani hakuna aliyepata kufunga kikuba cha mahindi. Mpunga hauna ua, bali una suke. Mnazi hauna ua. Mtoto aliyepewa neno ‘ua’ bila maelezo huenda shambani akitafuta rangi na harufu, na asipoviona hujaza safu ya pili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba lugha yenyewe haikuwa maskini. Mkulima wa minazi ana upunga, yaani maua ya mnazi yatokayo ndani ya karara. Tena ana kidaka, kinachofuata upunga. Kisha kitale, dafu, koroma na nazi. Huo ni mfululizo kamili tangu ua hadi mbegu, wenye jina kwa kila hatua, na sidhani kama kuna kitabu cha shule kilichopata kuutumia kufundishia uzazi wa mimea. (Tumesema ‘sidhani’, tusamehewe, hapa ofisi yetu haikupiga kura.) Mwalimu akilipasua karara darasani, watoto wataona vidaka vichache vya mviringo chini ya kila utepe, ambavyo ni maua ya kike, na vijiua vingi vidogo vya kiume juu yake. Vivyo hivyo mkulima wa mahindi ana mbelewele, neno ambalo katika sehemu kadhaa hutumika kwa lile shada la juu la mmea, nalo ndilo ua la kiume. Na ana nyuzi au ndevu za hindi, ambazo kila uzi mmoja ni sehemu ya ua moja la kike na huelekea kwenye punje moja. Hindi lenye mapengo ni hindi ambalo baadhi ya nyuzi zake hazikupata chavua. Mtoto aliyeuliza ua la muhindi ni lipi alikuwa akilishika mkononi kila alipomenya hindi la kuchoma.

Mtoto wa Pemba naye huchuma karafuu tangu akiwa mdogo. Karafuu ni tumba la ua lisilofumbuka. Likiachwa likafumbuka, thamani yake sokoni hupotea. Basi watu wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiishi kwa biashara ya maua tangu karne ya 19, pasipo kuyaita maua.

Kuna jambo jingine, la sarufi. ‘Isiyotoa’ ni kitenzi cha kukanusha kisichobainisha wakati. Mtoto anayeutazama mgomba ambao bado haujachanua ana haki kabisa ya kusema ‘mgomba huu hautoi maua’. Muhogo hupandwa kwa vipande vya miti yake na muwa kwa pingili, na vyote viwili mara nyingi huvunwa kabla ua halijaonekana. Lakini vyote viwili ni mimea itoayo maua. Tunapotaka kusema kwamba mmea haukuumbwa na ua, na kwamba hata ukikaa miaka mia hautachanua, kitenzi hiki hakitutoshelezi. Hutaja kutotokea kwa jambo tu.

Madhara yake si ya darasani peke yake. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale nchini Kenya kilianza kutoa kwa wakulima mbegu chotara za mahindi, na tangu wakati huo mbegu za namna hiyo zimeenea katika Afrika Mashariki. Mbegu chotara hupatikana kwa kupanda aina mbili kwa mistari na kuzing’oa mbelewele za aina moja, ili ichavushwe na ile nyingine tu. Mkulima anayehifadhi punje za mavuno ya chotara na kuzipanda msimu unaofuata hupata shamba lisilolingana na mavuno haba, na mara nyingi humlaumu muuza mbegu. Kumweleza sababu ni kazi ya dakika tano kama alipokuwa shule alijua kwamba muhindi una maua ya kiume juu na ya kike ubavuni. Kama alifundishwa, au alijifundisha mwenyewe kwa kulitazama neno, kwamba muhindi hauna ua, maelezo yote huwa kama hadithi.

Neno la kukanusha

Sasa tuitazame safu ya pili. Istilahi ya kukanusha ina hatari yake: hukusanya chini ya dari moja vitu ambavyo havihusiani kwa lolote isipokuwa kwamba vyote vimekosa kitu fulani. Tukisema ‘watu wasio Wapare’ hatujataja kabila.

Uyoga ni mfano ulio wazi zaidi. Linnaeus aliutia katika kriptogamia, na vitabu vya shule vikauhesabu kuwa mmea usiotoa maua kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1969 R. H. Whittaker wa Marekani alipendekeza himaya tano za viumbe, na kuvu wote, uyoga ukiwa miongoni mwao, wakapewa himaya yao. Kuvu hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Tena uchunguzi wa chembeuzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kuvu wana udugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko walio nao na mimea. Kitabu kinachoandika uyoga katika safu ya pili leo hakikosei juu ya ua, kwani kweli uyoga hauna ua. Kinakosea juu ya neno ‘mimea’ lililo mwanzoni mwa safu, na kosa hilo halionekani kwa sababu ukanushi umelifunika. Mbuzi naye hatoi maua.

Mwani una matata ya aina nyingine. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kimekuwa kazi ya akina mama wengi wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya Zanzibar. Mwani huo, ambao hufungwa vipande vipande katika kamba, kweli hauna ua. Lakini katika maji hayo hayo, hatua chache tu kutoka kwenye kamba, huota nyasi bahari, nazo zina mizizi, hutoa maua chini ya maji na hufanya mbegu. Anayezitazama kutoka juu huziita zote mwani, na hatumlaumu. Mwalimu wa huko anaweza kuzileta zote mbili darasani katika ndoo moja, na hatupati mfano mwingine unaoshinda huo wa kumwonyesha mtoto kwamba kufanana si udugu.

Kisha kuna mtapo. Ni mmea wa pwani yetu, wenye shina nene na majani kama ya mnazi mfupi. Wataalamu waliupa jina la Encephalartos hildebrandtii mwaka 1874. Mtapo una miti dume na miti jike, nao huzaa mbegu kubwa katika koni. Lakini hauna ua, kwa sababu mbegu zake hazikufungiwa ndani ya ovari. Ndivyo ulivyo msonobari, na ndivyo ulivyo mwangati wa milimani. Tukiweka mtapo na mgomba pamoja tunapata jozi ya ajabu. Mgomba una ua kubwa la zambarau ambalo kila mtoto analijua, lakini ndizi tunayokula haina mbegu. Mtapo una mbegu za kujaza kiganja, lakini hauna ua. Jedwali la safu mbili halina mahali pa kuieleza tofauti hiyo, na mtoto hubaki akidhani kwamba ua na mbegu ni kitu kimoja.

Mkuyu tumeuacha mwisho kwa makusudi. Kuyu likipasuliwa huonekana ndani yake mamia ya vijiua vidogo, na mara nyingi nyigu wadogo kabisa wanaotembea humo. Nyigu hao ndio wachavushaji. Jike huingia kwa kitundu cha mbele akiwa amebeba chavua kutoka kuyu jingine. Mwaka 1968 Galil na Eisikowitch walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili, uliofanywa hapa hapa Afrika Mashariki. Wazee wengi wamewakataza watoto kula makuyu kwa sababu ya ‘wadudu’, na kwa kufanya hivyo wameficha mbali nasi somo zuri la maua ambalo linaota kando ya karibu kila mto.

Tuliyomshauri mwalimu

Katika ofisi yetu palikuwa na maoni mawili. Wenzetu wengine walitaka istilahi zote mbili zifutwe, na mgawanyo uanzie kwenye mbegu. Wengine, nasi tukiwamo, tuliona kwamba istilahi iliyokwisha kukaa vinywani mwa walimu maelfu haifutwi kwa barua. ‘Mimea itoayo maua’ iachwe ilivyo, kwa sharti kwamba ua lielezwe tangu mstari wa kwanza wa somo kwa kazi yake: ni sehemu ya mmea yenye stameni au pistili, au zote mbili, ambamo mbegu hutengenezwa ndani ya ovari, iwe ina rangi na harufu au isiwe navyo. Na maneno ya mkulima, yaani upunga, mbelewele, suke na tumba, yaingizwe katika somo hilo hilo kama majina ya maua au ya hatua za maua.

Safu ya pili tulishauri igawanywe. Pawe na mimea ya mbegu isiyo na ua, kama mtapo, msonobari na mwangati. Na pawe na mimea ya spora, kama kangaga na ile midogo ya juu ya mawe. Spora ni neno la kutohoa, lakini kitu chenyewe mtoto anaweza kukigusa: ni ule ungaunga utokao katika madoa ya kahawia yaliyo chini ya jani la kangaga lililoota katika ukuta wa kisima. Kwa kundi la mtapo yalitolewa mapendekezo kadhaa. Moja lilikuwa ‘mbegu uchi’, ambalo ni sahihi kabisa kwa maana ya wataalamu, kwani Robert Brown wa Uingereza alipoieleza hali hiyo katika miaka ya 1820 alisema kweli kwamba chanzo cha mbegu hakikuvikwa chochote. Mwalimu alitusihi tusilipitishe. Alisema darasa la watoto hamsini likilisikia neno hilo mara moja, somo la siku hiyo limekwisha. Tuliandika ‘mbegu wazi’. Uyoga utolewe katika jedwali, upewe somo lake pamoja na kuvu wengine. Mwani tulikubaliana ubaki mahali pake kwa sasa, ukifuatana na nyasi bahari katika safu ya kwanza.

Mwalimu aliondoka na daftari. Baada ya majuma machache alituandikia kwamba vema ya mvinje ameifuta mbele ya darasa zima na kueleza sababu, kwamba makuyu yalipasuliwa, na kwamba yule mtoto amekwisha kuonyeshwa ua la muhindi wake. Mwishoni mwa barua aliongeza swali ambalo mtoto huyo alimwagiza atuulize. Nyuma ya shule kuna kichaka cha mianzi ya njano ambacho hata babu yake, aliyezaliwa hapo kijijini, hajapata kukiona kikichanua. Kiandikwe safu ipi?

Tulimjibu kwamba kiandikwe safu ya kwanza, na kwamba mianzi mingine hukaa miaka makumi mengi kabla ya kuchanua, kwa hiyo aendelee kukitazama.